Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Wazee wetu walinena, "Mchagua jembe si mkulima," nao walisema kweli, maana mpini ukivunjika walikata mwingine porini siku ile ile. Lakini sisi wa Nyasura twaona ya kuwa kwa trekta methali hii yatuponza.

Msimu uliopita wenzetu kadhaa walichanga fedha zao za pamba, wakanunua trekta kwa mwuzaji mmoja. Siku ya kulipa walikirimiwa soda, wakaahidiwa fundi na vipuri. Mvua zikaanza, pampu ya dizeli ikafa. Walipouliza wakaambiwa, "Kifaa kimeagizwa, subirini." Walisubiri wiki saba, mvua haikusubiri. Mwishowe walirudi kwa ng'ombe na plau, wamechelewa kupanda, na deni liko pale pale.

Wauzaji hutujibu kwamba hatutunzi mashine. Hatukatai: wako wasiobadili oili wala kusafisha chujio. Lakini hata pampu iliyotunzwa huchakaa, na aliyeiuza alijua hivyo alipopokea fedha. Mbona fedha hazikuambiwa zisubiri?

Wala jambo hili si geni nchini. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa matrekta ya kulima karanga, mengi yakiwa masalio ya vita. Upesi mengi yakalala kwa ubovu, na mwaka 1951 mpango ule ukavunjwa. Mwaka 2015 Serikali yetu ilipatana na Poland, matrekta ya Ursus yakaja kuunganishwa Kibaha. Wakulima wakalalamikia ubovu na uhaba wa vipuri, na mwaka 2021 kampuni yenyewe ikafilisika huko kwao.

Basi, ndugu wasomaji, twasema wazi: auzaye trekta pasipo vipuri ameuza nusu ya trekta kwa bei ya zima. Plau twaipenda si kwa ujinga, bali kwa kuwa bolti zake zapatikana Bunda na fundi wa kijiji aijua. Kabla ya kutoa fedha yatupasa kuliona ghala la vipuri kwa macho, kumjua fundi na mahali akaapo, na kuandikiana katika mkataba siku za matengenezo na fidia ya kuchelewa. Mwuzaji akikataa, tumwachie trekta lake. Tukimwendea mmoja mmoja atatucheka. Tukimwendea kwa chama cha ushirika atatusikiliza.

Siku hizi mchagua jembe ndiye mkulima.