Maji ya Moto ya Amboni: Tuyaogee, Tusiyaabudu

SHUKRANI zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeyafanya maji kuwa asili ya kila kilicho hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, kila zinapofika likizo za shule, wazazi wengi wa Tanga hujiuliza wawapeleke wapi watoto wao. Wapo wanaoteremka ufukweni Raskazone, na wapo wanaokwenda Pangani. Wengine hushika njia ya Amboni. Kilomita chache kaskazini ya jiji la Tanga, upande wa barabara iendayo Horohoro, jirani na Mto Zigi, ziko chemchemi za maji ya moto yaliyojaa madini. Katika vitabu vya wageni huitwa chemchemi za Galanos, kwa jina la Mgiriki mmoja aliyekuwa mkulima wa mkonge, jina ambalo pia limebaki katika shule ya sekondari iliyopo Tanga. Mtu anapozikaribia, pua hupata habari kabla ya macho, kwani harufu yake ni ile ya mayai viza.

Wanaofunga safari hiyo ya siku moja hawana nia moja. Wako wanaokwenda kutembea tu na kurudi. Wako wanaopeleka maradhi yao: upele, ukurutu, baridi yabisi na maumivu ya mgongo. Na kwa kuwa safari hiyo aghalabu huunganishwa na Mapango ya Amboni yaliyoko Kiomoni, wako pia wanaokwenda kupeleka haja zao kwenye mzimu, huku wakiacha sarafu, vyakula na chupa ndani ya pango. Baba mmoja, gari moja na chakula kimoja, lakini ndani ya siku hiyo hiyo mtu anaweza kupata ujira kwa Mola wake, au akapoteza kitu kilicho na thamani kuliko afya yake. Ndiyo maana tumeona ni vyema tulizungumze jambo hili leo.

Kwanza, matembezi yenyewe hayana ubaya. Dini yetu si dini ya kununa. Sahaba Hanzala (R.A.) aliwahi kuhofu kwamba amekuwa mnafiki kwa sababu moyo wake ulikuwa laini mbele ya Mtume (S.A.W.), kisha alipofika nyumbani akacheza na wake na watoto akasahau. Mtume (S.A.W.) alimtuliza kwa kumfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Naye Salman (R.A.) alimkumbusha ndugu yake Abu Dardaa (R.A.) kwamba Mola ana haki juu ya mja, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, Mtume (S.A.W.) akayasadikisha maneno hayo. Basi mzazi anayetenga siku moja kwa ajili ya familia yake anatekeleza haki, wala hajapoteza wakati.

Pili, hukumu ya maji hayo. Huulizwa mara nyingi: je, maji yenye harufu na ladha ile yanafaa kwa udhu? Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, wamelijibu zamani. Maji yaliyobadilika kwa kitu kilichomo katika mahali pake au mapito yake, kama vile chumvi au kibiriti cha ardhini, hubaki kuwa maji tohara yenye kutoharisha. Kinachochukiza ni kujitoharisha kwa maji yenye moto mkali kiasi cha kumzuia mtu kukamilisha udhu wake. Kwa hiyo adhuhuri ikiwakuta hapo, msiseme hamna maji. Na mkazi wa Tanga asidhani kwamba amekuwa msafiri wa kupunguza sala, kwani umbali huo ni mdogo mno, ilhali masafa ya kupunguza sala ni takriban kilomita 80. Aliyetoka Dar es Salaam ndiye mwenye ruhusa hiyo.

Tatu, suala la tiba. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Salfa, ambayo ndiyo asili ya harufu ile, waliiita kibiriti upele, na jina hilo limebeba elimu ndani yake, kwa kuwa marhamu ya salfa hadi leo ni miongoni mwa dawa zinazojulikana za upele. Joto la maji nalo hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya viungo. Qur'ani Tukufu, katika Surat Sad, inatusimulia namna Nabii Ayyub (A.S.) alivyoamrishwa kuupiga mguu wake chini, yakapatikana maji ya kuogea na ya kunywa baada ya kuteseka kwa muda mrefu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Hivyo mwenye kuoga Amboni kwa kutaraji nafuu hana wa kumlaumu.

Lakini hapa ndipo penye hatari inayotufanya tuandike. Tiba inayofaa kwa upele haifai kwa kila kinachoonekana juu ya ngozi. Baka lililofifia rangi, ambalo mtu akiguswa hapo hahisi, laweza kuwa dalili ya ukoma. Ni kweli kwamba mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha kitaifa cha kuutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii, lakini wagonjwa wapya wangali wanapatikana. Dawa zake hutolewa bure, nazo hunywewa kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Mwenye baka hilo akizunguka na chemchemi mwaka mzima, akiambiwa avumilie kwani maji yanafanya kazi taratibu, mishipa ya fahamu huharibika, na vidole vilivyopinda havirudishwi na maji yoyote. Aende Bombo au kituo cha afya kilicho karibu naye. Na palipo na ulazima, kule Moshi katika hospitali ya KCMC kipo tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachotegemewa na eneo lote hili la Afrika.

Vivyo hivyo mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asiitumbukize katika maji ya moto kwa kupima na mguu wenyewe. Mguu usiohisi haumwambii mwenyewe kwamba unaungua. Mjamzito, na mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, waulize daktari kabla ya kwenda.

Hatujasahau yaliyotokea mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Walikwenda wa dini zote, na Waislamu walikuwamo. Wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, wapo walioacha dawa za kisukari, na wapo waliofariki dunia wakiwa kwenye foleni. Bedui alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Allah, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Kidonge cha hospitali ni kamba ya ngamia. Anayekitupa kwa sababu ameoga Amboni hakutawakali, bali amemfungua ngamia wake.

Nne, na hili ndilo kubwa zaidi, ni itikadi. Ili tulifahamu vizuri, tutoke kidogo Tanga. Ndugu zetu wanaojaaliwa kufanya ziara ya Baitul Maqdis kwa kupitia Jordan, wengi hupitishwa kando ya ziwa ambalo Waarabu huliita Bahari Mfu, au Bahari ya Lut. Uso wa maji yake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina takriban gramu 35 za chumvi; la ziwa lile ni karibu mara kumi ya hizo. Samaki haishi humo. Mtu akilala chali juu ya maji hayo huelea kama gogo, hata asiyejua kuogelea.

Kuhusu ziwa hilo yapo mazungumzo ya wanavyuoni, kwani Mtume (S.A.W.) alipopita Hijr, katika makazi ya Thamud, aliwaagiza Masahaba wasiingie kwa waliodhulumu nafsi zao isipokuwa wakiwa wanalia, naye akafunika kichwa na kuharakisha mwendo. Wapo waliolichukulia ziwa lile kwa hukumu hiyo, kwa kuwa linanasibishwa na watu wa Lut (A.S.), na wapo waliosema kwamba Qur'ani haikulitaja kwa jina, na kwamba mahali hasa pa miji ile hapana uhakika. Mwenye kupita hapo basi apite kwa mazingatio, asipafanye pahala pa mzaha.

Linalotuhusu sisi ni hili: ni kitu gani kinachomwinua mtu juu ya maji yale? Jaribuni nyumbani na watoto wenu. Chukueni yai bichi lisilo viza, mlitie katika bilauri ya maji ya mfereji, litazama. Kisha koroga chumvi ndani yake, kijiko baada ya kijiko. Yai litapanda lenyewe hadi juu. Maji yamekuwa mazito, na kizito hukibeba kilicho chepesi kuliko yeye. Hakuna aliyelisomea yai hilo, wala hakuna aliyelichinjia kuku. Na kule Bahari Mfu maji humwinua mwenye kusali na asiyesali, mwema na muovu, kwa kipimo kimoja. Hiyo ni kanuni aliyoiweka Allah katika viumbe vyake.

Maji ya Amboni hayana chumvi ya kumwinua mtu kiasi hicho, kwa hiyo asiyejua kuogelea asijidanganye. Lakini kanuni ni ile ile. Joto lake limetoka ardhini, harufu yake imetoka katika madini, na mapango yaliyo jirani ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa karne zisizohesabika. Hakuna humo anayesikia maombi. Umar bin Khattab (R.A.), alipolibusu Jiwe Jeusi ambalo limetukuzwa kwa sheria, alitangaza kwamba anajua fika kuwa ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba lau asingemwona Mtume (S.A.W.) akilibusu, naye asingelibusu. Ikiwa hiyo ndiyo kauli ya Umar mbele ya Al-Kaaba, kauli yetu mbele ya jiwe la Kiomoni iwe ipi? Hata baraka ya maji hatuzui wenyewe. Zamzam tunaitukuza kwa sababu kuna dalili kutoka kwa Mtume (S.A.W.), Amboni hatuna dalili hiyo, tuna neema tu, na neema hushukuriwa kwa Aliyeitoa.

Tunajua kwamba wengi wanaokwenda kwenye mzimu hawaendi kwa ukaidi. Huenda ni mwanamke aliyekosa mtoto kwa miaka kumi, au mzee ambaye dawa zimemshinda. Tusiwakemee kana kwamba hatujapata dhiki. Tuwashike mkono tuwaambie: uliyemkusudia yu karibu nawe kuliko pango, wala hadai sarafu wala chakula.

Tano, ni sitara. Mtume (S.A.W.) aliwakataza wanaume kuingia katika nyumba za kuogea bila ya shuka. Kwa hiyo baba asivue akabaki na kijichupi mbele ya wanawe na ya watu. Afunge shuka au kikoi imfunike kuanzia kitovu hadi magoti. Kina mama nao wana haki ya kuoga bila ya kutazamwa, na aghalabu wao ndio wanaobaki kando kushika nguo za watoto. Hili si gumu kutatuliwa. Makuti kadhaa na boriti chache hutosha kuweka kiambaza, na wenye kwenda kwa makundi wanaweza kupeana zamu, saa hii wanawake, saa hii wanaume. Tunawaomba wanaohusika na eneo hilo, na viongozi wa misikiti na madrasa zinazopanga safari, walitie jambo hili katika mipango yao. Atakayelifanya atakuwa amewasitiri mama zake na dada zake.

Watoto wasiachwe peke yao ukingoni hata kwa dakika moja, kwani chemchemi ina moto na mto una kina. Taka zirudishwe nyumbani, kwani kuwaudhi watu kwenye njia na kwenye maji ni katika yaliyokatazwa. Na mkirudi jioni, waulizeni watoto wenu swali moja tu: ni nani aliyeyachemsha maji yale bila ya kuni? Mtoto akilijibu kwa yakini, safari yenu imekuwa darsa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, azisitiri familia zetu, na azisalimishe nyoyo zetu zisimtegemee mwingine asiyekuwa Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.