Abiria Naye Aambiwe

Yako mambo ambayo watu wa kwetu wameyazoea hata hawayaoni tena kuwa ni makosa, na moja ni hili la abiria kusafiri gizani. Sisemi giza la usiku. Nasema mtu wa Nyakiyumbu huamka alfajiri, akashuka mpaka Bwera, akalipa nauli, akaketi garini, na katika watu wote wanaohusika na safari ile yeye peke yake ndiye asiyejua kama njia ni nzima, au kama gari litapita kule linakopita siku zote. Dereva anajua, kwani amekwisha pigiwa simu na mwenzake aliye mbele. Utingo anajua. Wapiga debe nao wanajua, na huenda ndiyo maana siku hiyo kelele zao huzidi.

Mimi naona kwamba anayepokea nauli ana deni la habari, na deni hilo yafaa lilipwe kabla fedha hazijaingia mfukoni.

Wengine watasema nataka mambo ya Ulaya. Sivyo. Reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, ikaletwa hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini ilichukua na watu. Kazi ya reli ina kanuni moja: treni haiondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele iulizwe kwa waya na kujibu kwamba njia iko wazi. Kwa hiyo bwana stesheni alikuwa na habari za njia hata kama hakupenda kuwa nazo, na aliyekuwa akingoja na mizigo yake alikuwa na mtu wa kumwuliza. Treni ilichelewa, tena sana, wala sitaki kuisifu kupita kiasi. Lakini kuchelewa kwake kulijulikana. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1990 treni za abiria zilikuwa zimekwisha, na pamoja nazo likaondoka lile dirisha dogo la kuulizia. Magari yakachukua abiria. Dirisha hakuna aliyelichukua.

Wala silalamiki kwamba teksi haina ratiba. Teksi huondoka ikijaa, kila mtu anajua hivyo, na kanuni inayojulikana na wote ni ratiba ya namna yake. Ninalolalamikia ni mabadiliko.

Chukueni mfano wa daraja la Katonga, katika barabara ya Kampala na Masaka, lililofungwa tarehe 11 Mei 2023 baada ya mto kufurika. Wakubwa wa barabara walitoa ilani siku ile ile, wakataja na njia ya kuzungukia. Ilani ilikuwa njema, ila ilikuwa ya Kiingereza, tena ya mitandaoni, na mama anayeuza kahawa yake Nyakiyumbu hakuiona. Kwake Katonga ni mbali mno. Atajuaje kwamba maji ya huko yatamgusa yeye? Lakini yalimgusa. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba tukitoka Bwera twafika Kikorongo, na hapo njia zagawanyika: mkono wa kulia ni Katunguru, Mbarara na Masaka, mkono wa kushoto ni Kasese mjini, Fort Portal na Mubende. Zote mbili zafika Kampala. Basi nililopanda mimi mwezi ule, la kampuni ambayo sitaitaja, lilikuwa limekwisha amua kukwepa Katonga kwa kupita Fort Portal. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa akili. Lakini Bwera utingo alipokea nauli za watu wa Mbarara kama kawaida, na tulipofika Kikorongo akawaambia washuke watafute gari jingine. Mmoja wao alikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa na barua ya hospitali mkononi. Nauli hakurudishiwa yote. Utingo alisema, "Daraja si letu." Ni kweli, daraja si lake, lakini mdomo ulikuwa wake tangu Bwera.

Na habari nusu ni mbaya vile vile. Tarehe 25 Machi 2020, wakati wa Korona, Rais alisimamisha magari ya abiria nchi nzima. Tarehe 4 Juni yakaruhusiwa tena, yachukue nusu ya watu, isipokuwa katika wilaya za mpakani, na Kasese ni wilaya ya mpakani. Basi ile habari ya kwamba "teksi zimefunguliwa" ilikuwa kweli kwa mtu wa Kampala na uwongo kwa mtu wa Bwera, ingawa maneno ni yale yale. Ndiyo maana nasema habari ya njia isiyotaja mahali na siku heri isingetolewa. Leo simu zetu zimejaa picha za madaraja yaliyovunjika, na hakuna ajuaye kama ni ya leo asubuhi au ya mafuriko ya Nyamwamba ya mwaka 2013.

Najua jibu la madereva: tukisema njia ni mbaya, abiria watarudi nyumbani nasi tutakosa mafuta. Wengine watarudi, sikatai. Lakini mtu hasafiri kwa kuwa amedanganywa njia ni nzuri. Husafiri kwa kuwa ana mgonjwa, au ana shule, au ana biashara. Atakwenda tu. Atakachofanya akijua ni kuongeza fedha za njiani na kumpigia simu anayemngojea. Atakayerudi nyumbani ni yule ambaye angeshushwa Kikorongo, na huyo dereva hakuwa na haki ya fedha zake.

Tena vyombo tunavyo. Redio zetu za Kasese husoma matangazo ya vifo kila siku, nao watu hunyamaza wakasikiliza: jina la marehemu, kijiji, saa ya mazishi. Ni matangazo bora kuliko yote niyajuayo, maana hayaachi swali. Kwa nini baada yake yasifuate maneno machache ya njia, kwa Kikonzo na kwa Kiswahili, ili hata wenzetu wanaovuka Mpondwe kutoka Kasindi waelewe? Maiti wa kwetu hutangazwa vizuri kuliko msafiri aliye hai.

Na mahali redio isipofika, pawe na ubao. Ubao mweusi kama huu wa darasani, utundikwe steji ya Bwera na mwingine Nyakiyumbu, uandikwe tarehe na saa, njia gani imekatika, gari linapita wapi, na nauli ya siku hiyo. Dereva wa kwanza kufika kutoka Kikorongo aseme alichokiona. Mwandishi hatakosekana, maana vijana waliomaliza shule hii wamejaa pale steji, nao hati zao nazijua. Ubao huo ukitundikwa kabla ya kufunguliwa muhula ujao, chaki za mwaka mzima nitatoa mimi.