Fungua Koki ya Chini

Boneti iliyopakwa mwezi uliopita ikianza kuvimba malengelenge, fundi hulaumu rangi, halafu thina, halafu muuza duka. Mtungi wa kompresa, uliokaa kona ya karakana na maji tumboni, hakuna anayeuangalia.

Maji hayo yanatoka kwenye hewa yenyewe, na pwani yetu, Mtwara hadi Lamu, hewa haikauki. Kukiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo ya hewa hubeba kama gramu 24 za maji. Ishindilie hadi bar 8, iache ipoe, itaweza kubakiza gramu 3 hivi tu. Zaidi ya gramu 20 zinadondoka. Kompresa ndogo ya nyumbani inayovuta lita 200 kwa dakika, ikifanya kazi saa moja mfululizo, itakuachia karibu robo lita.

Ndiyo maana mtungi uliundwa na koki chini yake. Kila mwenye kompresa anaijua, na kila mmoja ana sababu ya kutoigusa: iko uvunguni, lazima upige magoti, imeganda kwa kutu, mikono ina rangi. Sawa, basi ihamishe. Zima, chomoa umeme, toa upepo wote mpaka geji isome sifuri. Fungua koki ile, weka kona ya chuma na kipande kifupi cha bomba, kisha mwishoni funga valvu ya kugeuza kwa mkono inayohimili presha ya mtungi, ikae mbele unapoifikia ukiwa umesimama. Ni kazi ya asubuhi moja.

Jioni, ukimaliza kazi, punguza upepo ubaki kidogo, fungua valvu taratibu. Yatatoka maji ya kahawia yenye kutu na mafuta. Hayo ndiyo uliyokuwa ukiyapulizia magari ya watu. Iache wazi usiku kucha, asubuhi ifunge.

Wengine wamenunua chujio na kulifunga pale pale kwenye mdomo wa kompresa, kisha wanashangaa. Upepo ukitoka pale bado ni wa moto na maji yake ni mvuke. Mvuke unapenya chujio bila shida, unakwenda kupoa ndani ya mpira na kugeuka maji jirani na bunduki ya rangi. Upe nafasi ya kupoa kwanza. Pitisha bomba la chuma au la shaba ukutani, mita kadhaa, likiteremka kidogo hadi kwenye koki nyingine ya kumwagia maji. Matawi yachomoke upande wa juu wa bomba, si chini, na chujio likae mwisho kabisa, kabla ya mpira. Bomba la plastiki la maji ya nyumbani lisitumike kwa upepo hata siku moja: likipasuka hurusha vipande vyenye ncha.

Rangi iliyoharibika hupigwa msasa ikarudiwa. Chuma hakirudi. Maji yanayolala mtungini hula kitako kwa ndani, polepole, mpaka siku kitako kinashindwa kuhimili presha, na karakana zetu nyingi ziko uani watoto wanapocheza. Mtungi ukianza kuvuja kwa kutu, hata tone moja, usiupeleke kuchomelewa kiraka. Utoe kazini.