Mnaorekodi riwaya za upelelezi, tusomeeni hadi mwisho

Mwezi uliopita nilikuwa Kibirizi, pale Kigoma, nikisubiri boti imalize kupakia. Kwenye kibanda kimoja cha kuingizia nyimbo kwenye simu, kijana aliniuzia memori kadi iliyojaa riwaya za upelelezi zilizosomwa kwa sauti. Aliniapia kwamba zimo zote, kamili, tena zimesomwa na mtu mwenye sauti nzito ya kutisha. Nikamlipa, nikavuka ziwa nayo hadi Rumonge, kisha nikapanda gari hadi nyumbani Kabezi.

Kwa wiki nzima, kila usiku baada ya kula, mimi na mama yangu tulimsikiliza Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba. Tulifika sehemu ya kumi na nne. Mpelelezi ameshika kitasa cha mlango, na nyuma ya mlango yuko mtu aliyepanga mauaji yote. Nikafungua sehemu ya kumi na tano. Badala ya riwaya nikasikia tangazo: anayetaka mwendelezo atume pesa kwa namba fulani. Nilituma. Hadi leo namba hiyo haipatikani.

Wapo watakaocheka na kusema huyu naye kakosa la kuandika gazetini, watu wanahangaika na bei ya unga yeye analilia hadithi. Nawaomba wanivumilie kidogo, maana jambo hili ni kubwa kuliko memori kadi.

Kwanza niseme kwamba kusikiliza riwaya si jambo la kuletwa na simu. Sisi tuliokulia Ulyankulu, kule Tabora, tulisikiliza riwaya kabla hatujajua kuzisoma. Kitabu kilikuwa kimoja, taa ya chemli moja, na msomaji mmoja. Wengine wote tulikuwa masikio. Nakumbuka kitabu cha Ben Mtobwa chenye visa vya Joram Kiango kilivyozunguka kijiji kizima bila jalada. Kilipofika kwetu kurasa za mwisho hazikuwapo. Ulyankulu ni nchi ya tumbaku, na karatasi nyembamba ina kazi nyingine. Kaka aliyekuwa akitusomea hakusema kitu. Aliendelea kusoma kurasa ambazo hazipo, akamkamata muuaji kwa kichwa chake mwenyewe, tukalala tumeridhika. Miaka mingi baadaye nilipokipata kitabu kizima ndipo nilipogundua kwamba mtu tuliyemfunga jela hakuwa na hatia! Hata hivyo simlaumu kaka yule. Alielewa kwamba hadithi ya namna hii haiachwi njiani.

Wazungu nao walilijua hilo mapema. Mwaka 1935 huko Uingereza vilitolewa vitabu vya kwanza vya kusikiliza kwa ajili ya vipofu, wakiwamo askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza. Vilirekodiwa kwenye santuri, upande mmoja ukichukua kama dakika 25, hivyo kitabu kimoja kilikuwa furushi la santuri. Kati ya vile vya mwanzo kabisa kilikuwamo kisa cha mauaji, The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie. Waliokisoma wanajua kwamba siri yote ya kitabu hicho imefichwa mwishoni kabisa. Sitaitoboa hapa. Nasema tu kwamba askari kipofu ambaye santuri yake ya mwisho ingevunjika njiani angekuwa hajasikiliza kitabu hicho, hata kama alisikiliza nyingine zote.

Na hapa ndipo riwaya ya upelelezi inapotofautiana na nyingine. Hadithi ya mapenzi ukiikata katikati, msikilizaji anabaki na mapenzi aliyokwisha kuyasikia. Hadithi ya upelelezi ukiikata, anabaki na maiti tu.

Sasa nije kwenye swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, hata na mwalimu mmoja jirani yangu ninayemheshimu sana. Aliniuliza: ninyi watu wa ukanda huu, kutoka hapa Kabezi hadi Nyanza-Lac, baada ya yote mliyoyaona, bado hamjachoka na habari za mauaji hata mzitafute kwa kununua?

Ni swali la haki. Mauaji ya mwaka 1972 yalianzia huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, mwishoni mwa Aprili. Mimi nilikuwa mtoto wa miezi saba. Mama alinibeba mgongoni kutoka Rumonge hadi akavuka kuingia Tanzania. Baba alibaki nyuma afunge nyumba, na hatujamwona tena. Hakuna aliyetuambia nani alimchukua, alipelekwa wapi, amelala wapi. Tuliporudi mwaka 2009 tulikuta shamba letu lina watu wengine, ambao nao walikuwa na karatasi zao. Kesi ilikwenda, ikarudi, ikakaa. Mwishowe mjomba alitupatia kipande cha kujenga hapa Kabezi, na ndipo tulipo.

Mama hajui kusoma. Riwaya anazisikiliza kwa namna yake: hajali bastola, hajali magari yanayokimbizana, na warembo wa Musiba anawasonya. Anachongoja ni yule mtu anayeuliza maswali. "Huyu bado anauliza?" ananiuliza nikitoka nje na kurudi. Nikimwambia ndiyo, anatulia. Nadhani kinachomshangaza ni kwamba mtu mmoja amekufa, na yupo mtu mwingine ambaye hana kazi nyingine ila kutafuta nani kamuua, hachoki, hahamishwi, wala haambiwi faili limepotea. Yeye hakuwahi kuona kitu kama hicho maishani mwake. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoundwa mwaka 2014 ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 kule Karusi mwaka 2020, na habari ile aliisikiliza redioni tangu mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Ilipokwisha aliuliza kama wametaja majina.

Kwa hiyo namjibu mwalimu kwamba watu wa huku hawatafuti mauaji kwenye riwaya. Hayo tunayo ya kutosha. Tunatafuta ukurasa ambao muuaji anatajwa kwa jina mbele ya watu. Ndiyo maana aliyeikata riwaya ya Willy Gamba mlangoni alimdhulumu mama yangu zaidi ya zile pesa zilizopotea. Nilipozima simu usiku ule alikaa kimya, kisha akasema: "Basi hata huyu kaponyoka."

Mwalimu alikuwa na hoja nyingine, kwamba kusikiliza kunawafanya vijana wavivu wa kusoma. Hili silikubali sana. Nenda kaulize riwaya hizo zilizochapishwa zinauzwa wapi kati ya hapa na Rumonge, halafu urudi tuzungumze juu ya uvivu. Mfanyabiashara anayekesha botini gizani, au aliyekaa tangu alfajiri kwenye gari linalongoja mafuta, atasomea wapi? Masikio ndiyo yaliyo huru. Wala kusikiliza si ugeni kwetu Burundi: kuanzia mwaka 1997 ule mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, uliwakusanya majirani kwenye redio moja wakati ambapo majirani walikuwa wakiogopana. Tena kwa sisi tuliorudi na Kiswahili chetu cha Tanzania, huku ambako kwa miaka mingi Kiswahili kilisemwa kuwa lugha ya wajanja na walaghai, kusikia lugha hiyo ikimsaka mlaghai hadi kumtia mikononi ni raha ya pekee.

Lakini raha hiyo ina wenyewe. Musiba alifariki mwaka 2010, Mtobwa, ambaye ni mtoto wa Kigoma, alifariki mwaka 2008. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi muda wote wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake riwaya hizi bado zina warithi, na warithi hao, kama mtindo ni huu wa memori kadi za vibandani, hawaoni hata senti. Msomaji wangu mwenye sauti nzito hakutaja hata jina la mwandishi. Alianza na jina lake mwenyewe, akataja namba yake ya simu, kisha akaingia kwenye hadithi kana kwamba kaitunga yeye. Nakiri kwamba nami nilinunua bila kuuliza, kwa hiyo sisimami hapa kama mtakatifu.

Ninachowaomba vijana wanaorekodi, nao wana vipaji kwelikweli, ni hiki. Watafuteni wenye riwaya mkubaliane nao. Tajeni mwandishi mwanzoni. Kisha someni kitabu chote, mkipangie bei moja inayojulikana, tulipe kwa simu mara moja tu. Sisi wa mpakani tumezoea kutembea na laini mbili, ya huku na ya kule, hilo la malipo lisiwape taabu. Mtu anayelipa ushuru wa mzigo pande zote mbili za mpaka hashindwi kulipia riwaya, mradi awe na hakika kwamba mlango utafunguliwa.

Nimeagiza kitabu chenyewe kwa rafiki yangu wa Kigoma, cha karatasi, na nimemwambia kabla ya kulipa ahesabu kurasa za mwisho. Amekipata kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vikuukuu. Alhamisi navuka kukichukua. Macho yangu hayaoni vizuri usiku kama zamani, lakini sura iliyobaki ni moja. Mama ameshaniuliza mara mbili boti inarudi siku gani.