Tshopo: Kikohozi ni kimoja, mbona wengine wanapona na wengine wanazidiwa?

Mwisho wa mwaka 2024, habari ya « ugonjwa usiojulikana » kule Panzi, katika jimbo la Kwango, ilizunguka inchi nzima. Wagonjwa walikuwa na homa, kichwa kuuma, mafua na kikohozi. Wengine walishindwa kupumua vizuri. Kati ya tarehe 24 Oktoba na 5 Desemba, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilihesabu wagonjwa 406 na vifo 31. Wengi walikuwa watoto.

Vipimo vilipotoka, hakukuonekana kirusi kipya. Vilionyesha virusi vya mafua vinavyojulikana, kile cha Covid-19 kikiwemo, pamoja na malaria. Na wale waliozidiwa kabisa walikuwa na utapiamlo mkali.

Panzi ni mbali na Kisangani, lakini malaria na njaa viko Tshopo pia. Ndiyo maana swali la kwanza si kirusi gani kimeingia, bali kimekuta mwili wa namna gani.

Nani yuko hatarini zaidi?

Mtoto mwenye chini ya miaka 5 ndiye wa kwanza, zaidi sana yule hajatimiza mwaka. Njia zake za hewa ni ndogo na zinazibika haraka. Mtoto anayekula lituma ao mihogo kila siku bila samaki, maharagi wala karanga anaweza kushiba tumbo, lakini mwili wake unakosa nguvu ya kupigana. Malaria ya mara kwa mara inamaliza damu, na damu ndiyo inabeba hewa mwilini. Kwa hiyo mafua madogo yanaweza kumuangusha. Mtoto wa SS naye ni wa kuangaliwa karibu sana.

Kwa watu wazima, Covid-19 ilionyesha wazi: wazee, wagonjwa wa kisukari, wa tansio, wa moyo na wa mapafu ndio walizidiwa zaidi. Mama mwenye mimba pia asichukue mafua makali kama mchezo.

Mahali mtu anaishi panahesabika vilevile. Tangu Februari 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola yalihamisha watu wengi, na baadhi yao walikimbilia ndani ya Kisangani. Kulala wengi pamoja, kula mara moja kwa siku, kupika kwa kuni ndani ya kibanda: hayo yote yanafungulia ugonjwa mlango.

Kuchelewa ni hatari nyingine

Mara nyingi safari inaanzia farmasi ya kata. Mzazi ananunua vidonge vichache vya antibiotiki, anangojea siku tatu. Lakini antibiotiki haiui kirusi. Na kwa kuwa malaria na mafua vyote vinaleta homa, ni kipimo tu ndicho kinaweza kuonyesha kama malaria iko. Kwa wakaaji wa vijiji vya kando ya Lomami, mtumbwi unaongeza masaa mengine.

Kuna alama ambazo hazingojei asubuhi: mtoto anapumua mbio (mara 50 ao zaidi kwa dakika kama ana miezi 2 hadi 11, mara 40 ao zaidi kama ana mwaka 1 hadi 5), kifua kinaingia ndani akivuta hewa, anakataa kunyonya ao kunywa, anashikwa na degedege, ao analala bila kuamka. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, kuanzia mara 60. Hesabu ifanyike dakika nzima, mtoto akiwa ametulia.

Kinga nyingi ziko karibu na nyumba: maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, chandarua, jiko nje ya chumba cha kulala, na chanjo za watoto, ambamo kuna ile ya kukinga homa ya mapafu.

Lakini mzazi hawezi yote. Akifika mapema na kukuta kituo hakina kipimo cha malaria wala oksijeni, mbio zake zimekuwa za bure. Hapo jibu liko kwa wakubwa wa jimbo na wa maeneo ya afya, na linapaswa kupatikana mbele kikohozi kingine hakijaanza kuitwa « ugonjwa usiojulikana ».