Mezani kwa Wafilipino



Mwezi uliopita mimi na wenzangu watatu tulirejea Dubai baada ya wiki sita za likizo Unguja. Kabla hatujamaliza kufungua mizigo, tulikwishaagana kukutana Satwa kula chakula cha Kifilipino. Vijana wetu walishangaa: mtu ametoka kwenye pweza wa nazi, vipi akimbilie vya wageni? Jibu letu ni kwamba chakula hicho si kigeni kama wanavyodhani.

Wafilipino, kama sisi, hupika kwa tui. Wao huita ginataan chakula chochote kilichoungwa kwa tui la nazi, kiwe cha kamba, maboga au samaki. Sinigang ni mchuzi mwepesi wenye ukali wa ukwaju. Choroko wanazo, nao huziita munggo. Bibingka, mkate wa mchele na tui uliookwa juu ya jani la mgomba, ni jamaa wa karibu wa mkate wetu wa kumimina. Hata kushukuru husema salamat, neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa salama yetu.

Huko kusini, Sulu na Mindanao, Uislamu ulikwishaota mizizi kabla ya Wahispania kufika. Waislamu wa huko wana mapishi yao. Watausug hupika tiyula itum, mchuzi wa nyama unaofanywa mweusi kwa nazi iliyochomwa. Wamaranao huthamini mno palapa, kiungo cha vitunguu vya majani, tangawizi, pilipili na nazi iliyokaangwa. Mji wao wa Marawi ulibomolewa katika vita vya miezi mitano mwaka 2017. Mama mmoja wa huko, aliyeketi nasi siku ile, alituambia kuwa nyumba yao haipo tena, lakini palapa ya mama yake huitwanga hapa hapa Dubai kila Ijumaa.

Tahadhari haina budi. Wafilipino walio wengi ni Wakristo, na nguruwe kwao ni kitoweo cha heshima. Adobo, nyama iliyopikwa kwa siki, kitunguu saumu na mchuzi wa soya, huwa ya kuku au ya nguruwe. Lumpia na tambi za pancit huweza kutiwa nyama hiyo, na munggo vilevile. Neno la kulijua ni baboy, yaani nguruwe. Ulizeni pia mafuta ya kukaangia. Kuuliza si ujinga, na ukiuliza kwa adabu hujibiwa kwa adabu.

Lililonisukuma kuandika ni zaidi ya chakula. Wafilipino wametuuguza hospitalini na wamewalea watoto wa wengi wetu. Tumeishi nao miaka, na aghlabu hatujui hata jina la chakula chao kimoja. Watoto wetu hufunika pua kwa harufu ya bagoong, kamba wadogo waliochachushwa kwa chumvi, na sisi tunanyamaza. Je, papa mkavu anapochomwa jikoni kwetu, jirani wa ghorofa ya juu hunusa udi?

Basi wapelekeni watoto. Waketi, waulize, waonje kilicho halali, wajifunze kusema salamat kwa aliyewapikia. Kisha mwalikeni naye aonje mkate wa kumimina.

Wabillahi tawfiq.