Ngumi za Filamu za Kihindi Si Upuuzi

Wapo wenzetu wanaozicheka filamu za Kihindi: ati steringi mmoja anapiga watu ishirini, huo ni uongo mtupu. Napinga. Mbona hawaulizi kwa nini wapenzi katika filamu hizo hizo huongea kwa kuimba? Mapigano nayo ni ngoma. Kila hatua hupangwa na kufanyiwa mazoezi.

Tazameni Sholay ya mwaka 1975. Thakur, aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, anamkabili kwa miguu tu. Kila teke linasimulia alichopokonywa. Hotuba ingeongeza nini hapo?

Mwaka 2023 wimbo wa RRR ulipata Oscar. Mapigano yake hayakuwa hata na tuzo ya kushindania. India yenyewe, iliyoanza Tuzo za Taifa za Filamu mwaka 1954, iliwatambua wapangaji wa mapigano mwaka 2017 tu! Watu hao huhatarisha mifupa yao, nasi tunawaita wapuuzi.

Ngumi mbovu zipo. Tuzihukumu kisanaa: je, pigo hili linasukuma hadithi mbele? Anayetaka uhalisia peke yake, akatazame ndondi.